Shajara ya karakana: kikundi cha vijana wenye mawazo, Katwe, Kampala

Jumamosi, 3 Februari 2024. Jina limetushinda kabla ya kuanza

Tuko wanne, na michango ya shilingi 1,100,000 ndani ya simu ya Sista. Sista ni muuguzi mstaafu wa magonjwa ya akili. Mzee ni fundi wa vyuma, mwenye karakana huku bondeni ambako mvua ikinyesha maji huja kubisha hodi. Mama Vitenge ni Mkongomani, anatembeza vitenge nyumba kwa nyumba, na pia ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT. Wa nne ni mimi, mwenye kibanda cha fotokopi. Nimezaliwa kambi ya polisi ya Nsambya, baba afande, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha niliyochapwa nayo na kubembelezwa nayo.

Sababu ya kuanza mradi wa kusaidia vijana walioelemewa inajulikana na kila mtu wa hapa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka Januari 2022. Waliokuwa na miaka kumi na minne wakati ule sasa ni watu wazima. Wengine hawakurudi tena darasani: wasichana waliopata watoto, wavulana waliozoea senti za vyuma chakavu. Utawakuta kwenye nyumba za kubeti saa nne asubuhi, au wameketi tu, shavu limejaa mairungi, yaani miraa, macho hayaangalii kitu.

Nilichapa bango: MRADI WA AFYA YA AKILI KWA VIJANA. Mzee alilisoma, akalikunja, akanirudishia. "Mwanangu, hapa ukisema akili umesema Butabika." Hospitali hiyo ya taifa ya magonjwa ya akili ipo tangu 1955 na imetibu watu wengi sana, lakini jina lake limegeuka tusi la mtaani. Tukakaa kutafuta neno. Mama Vitenge akasema kwao mtu hulalamika hivi: "Niko na mawazo mingi, kichwa iko naniluma." Waganda wana *ebirowoozo*, mawazo yale yale. Kambini kwetu nako mtu aliyeinama huambiwa ana mawazo. Basi tumekuwa kikundi cha wenye mawazo. Bango jipya limenigharimu karatasi moja na aibu kidogo.

Jumapili, 25 Februari. Benchi

Wazo tuliliazima Zimbabwe. Tangu 2006 huko Mbare, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda amekuwa akitumia kina bibi waliopewa mafunzo. Bibi anakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, mwenye mzigo anakuja kukaa naye na kuongea. Sista alilipenda kwa sababu Buganda wanaye ssenga, shangazi ambaye tangu zamani kazi yake ni kuambiwa yale ambayo mama haambiwi.

Mzee akachomelea miguu, tukanunua mbao na rangi: shilingi 85,000. Tukaliweka chini ya mfenesi mbele ya karakana, na Sista akakaa hapo kila Jumamosi.

Wiki tatu. Waliokalia benchi ni mlevi mmoja, abiria waliongoja boda, na kuku. Jumamosi ya mwisho msichana mmoja alikaa kama dakika tano, amekumbatia pochi yake, hajasema kitu. Muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, mama mwema wala hakuwa na nia mbaya, akapaza sauti: "Kumbe na wewe una shida kichwani?" Watu wakacheka. Msichana akainuka, akasema anamngoja mtu, akaenda zake.

Tuliiga benchi, hatukuiga mahali pake. Kule limewekwa penye zahanati, ambako mtu yeyote anaweza kuwa amekuja kwa malaria. Letu lilikuwa barabarani, mbele ya macho ya steji nzima ya boda. Anayetaka kuiga aanze na swali hili: mtu akionekana hapa, atasema amefuata nini? Karakana ina jibu. Mtu amekuja kuchomelea kitasa, amekuja kujifunza kazi, amekuja kuomba kazi. Benchi tumeliingiza ndani, sasa linabeba birika.

Jumamosi, 9 Machi. Watu 46

Tuliwaambia vijana kumi waje, tukaahidi soda na mandazi. Wamekuja 46. Wamo waliobeba picha za pasipoti na vitambulisho vya ukimbizi ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu uvumi ulikuwa umezunguka kuanzia Katwe mpaka Makindye kwamba tunaandikisha majina ya kwenda Kanada. Mama mmoja alikuwa amewavalisha watoto watatu nguo za kanisani.

Sista akasimama juu ya benchi, akasema ukweli kwa Kiswahili, kisha kwa Kiganda, nami nikaomba radhi. Hakuna aliyepiga kelele. Wakanywa soda kimya kimya, wakaondoka na picha zao. Hiyo ilikuwa shilingi 92,000, na ni pesa iliyoniuma kuliko zote, hata kama si nyingi. Tangu leo hakuna soda na hakuna nauli ya kumvuta mtu. Kuna chai na mandazi kwa aliyekwisha kuingia, basi.

Ramadhani, 11 Machi hadi 10 Aprili

Hatukukutana na vijana, kwani nusu yao wamefunga. Tumetumia mwezi huu kuwafunza viongozi wanne wa vikundi, wavulana wawili na wasichana wawili, wote wa mtaani. Siku sita za mafunzo, shilingi 10,000 kwa kila mtu kwa siku: 240,000.

Tunachofundisha ni tiba ya kikundi inayochimba mahusiano ya mtu na watu wake. Ilijaribiwa hapa hapa Uganda mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ilipungua sana kwa waliohudhuria kuliko kwa vijiji ambavyo havikupewa. Nililolipenda ni kwamba watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ugonjwa huu wanauitaje, wakapewa *okwekyawa*, kujichukia, na *okwekubagiza*, kujihurumia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vinane, unapatikana bure. Ndio tunaoutumia, chini ya jicho la Sista. Asiye na Sista wake atafute kwanza ndipo aanze.

Jumamosi, 20 Aprili. Hojaji na daftari, makosa mawili siku moja

Kabla ya kuunda vikundi tunapima. Tunatumia PHQ-9, hojaji ya kupima sonona: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia 0 mpaka 3, jumla haizidi 27. Kwa kawaida anayefika 10 huangaliwa kwa karibu. Nilipata tafsiri ya Kiswahili, nikapiga nakala 100 kwa shilingi 20,000, nikajiona mtaalamu.

Vijana 24 wakajaza. Karibu wote wakavuka 10. Sista akaziangalia karatasi akasema haiwezekani, hata wodini hakuona hivi. Tukaanza kuwauliza mmoja mmoja walielewa nini.

Swali la hamu ya kula: "Hamu ninayo, Sista. Chakula ndicho hakipo." Swali la usingizi: kijana analala na watu saba chumba kimoja, na mvua ya Aprili ikiingia wanasimama wote, wanashikilia godoro. Swali la kutembea au kuongea polepole, msichana mmoja alijipa alama 3 kwa furaha, maana mama yake humsifu kwamba siku hizi ametulia, anaongea polepole kama mtu mzima. Na lile la kuiangusha familia yako lilizua kicheko. "Niwaangushe vipi, nimepigana nao?"

Halafu kuna jambo ambalo karatasi haiwezi kulitatua. Kwa Waganda wengi wa hapa Kiswahili ni lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Bunge lilikiweka kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni, lakini moyo hauagizwi. Kijana mmoja aliniambia waziwazi: "Wewe ukiniuliza kwa Kiswahili kama nalala vizuri, mimi nasikia kama unanihoji." Mimi, mtoto wa kambi! Nilikuwa sijawahi kujiona hivyo.

Marekebisho: hatugawi karatasi tena. Kiongozi anauliza kwa mdomo, kwa lugha aliyoichagua mhusika, na kila jibu la 2 au 3 linafuatwa na "kwa sababu gani?" Kama sababu ni njaa au mafuriko, tunaiandika pembeni. Hatuifuti alama, ila hatumpi mtu jina la ugonjwa kwa sababu paa lake linavuja. Swali la kuangusha sasa linasema "umejiona huna faida, au umewaaibisha watu wa nyumbani". La polepole linasema "watu wa karibu wameshtuka kuona umekuwa mzito wa kusema na kutembea". Nakala mpya 60, shilingi 12,000.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Ninapenda daftari. Nilikuwa nimeandika majina yote 24, na namba za simu, kwa mstari mwekundu. Nikaliacha juu ya benchi nikaenda kumpa mteja nakala zake. Niliporudi, binamu wa mmoja wao alikuwa analisoma kwa sauti, anachekesha wenzake.

Watano hawakurudi tena. Nimewafuata, wawili wamekubali kuongea nami, watatu wamenipita tu.

Daftari nimelichoma kwenye jiko la Mzee. Sasa kila mmoja amejichagulia jina kutoka ukutani pa karakana: Nyundo, Tupa, Koleo, Msumeno, Patasi, Jiriwa. Sanduku la chuma limetengenezwa, na kufuli lake, shilingi 30,000. Ufunguo anao Sista, mimi nimejinyima mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili. Swali la tisa

Hii naiandika kwa tahadhari, kwa sababu tumebahatika tu.

Jumamosi tarehe 27 tulimaliza kuwapima waliobaki. Kiongozi mmoja alimhoji Koleo, miaka 17, akaandika majibu vizuri, akamshukuru, akatia karatasi sandukuni kama tulivyomwagiza. Tulipanga kuhesabu alama Jumanne. Leo Sista amefungua sanduku. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo kwamba ni afadhali ufe au ujidhuru. Jibu la Koleo: karibu kila siku.

Lilikuwa limekaa sandukuni tangu Jumamosi alasiri.

Sista hakungoja boda, alikimbia kwa miguu. Alimkuta kibarazani, anasuka nywele za jirani. Alikaa mpaka msuko ukaisha. Koleo akamwambia: "Nilisema ili mtu aje. Nimehesabu siku tatu."

Baadaye Sista alikuja kibandani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, hakusema kitu kwa muda mrefu. Nikachapa fotokopi za watu huku ananiangalia.

Tumebadilisha utaratibu usiku huu huu, na anayeiga mradi asianze bila huu. Swali la tisa linasomwa papo hapo, mbele ya Sista au kwa simu yake, kabla mhusika hajavuka mlango. Jibu lolote juu ya 0, haondoki peke yake: tunaongea, tunamuuliza nani nyumbani anamwamini, tunapanga usiku huo atalala kwa nani, vya hatari vinaondolewa, na kesho yake anafuatwa. Kwa walio chini ya miaka 18 tunatumia pia Sauti 116, simu ya bure ya watoto. Hofu kubwa ya wazazi ni polisi, kwani sheria ya jinai bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na nyumba nyingi huficha kwa sababu hiyo. Kwa hiyo neno la kwanza Sista alilomwambia mama yake Koleo lilikuwa hili: "Sikuja na afande." Mama akalia, ndipo akafungua mlango.

Koleo amekubali kuingia kikundi. Pia anaonwa na mtaalamu kila wiki. Nauli ni yetu.

Jumamosi, 25 Mei. Kikao cha tatu

Vikundi viwili tangu tarehe 11: wavulana 8 asubuhi, wasichana 9 baada ya chakula cha mchana. Kikao cha kwanza kilikuwa cha kutulia na kueleza ugonjwa ni nini. Turubai la kugawanya karakana, shilingi 60,000. Kazi ya wasichana inakwenda yenyewe, sina mengi.

Ya wavulana ilikwama kwa mahubiri. Kiongozi wao ni kijana wa kanisani, mzuri, ila Nyundo aliposema amepoteza pesa za baba yake kwenye kubeti, alimshukia dakika arobaini. Na wengine wakasaidia. Nyundo akawa anaitikia "ndiyo, kaka, ndiyo, kaka", akili iko kwingine.

Wiki iliyofuata Sista alileta kopo tupu la majani ya chai. Atakayetoa ushauri bila kuombwa, anatia shilingi 200. Kikao hicho kilikusanya 3,400, yaani mara kumi na saba, na kiongozi mwenyewe alilipa nyingi zaidi. Tumezitia kwenye sukari.

Leo kopo lilipata 400 tu. Mwongozo unasema kutafuta shida iko upande gani kati ya minne: kufiwa, ugomvi, maisha kubadilika, au upweke. Wote tulidhani Nyundo ni ugomvi na baba. Tupa, ambaye huwa hasemi, akamuuliza swali tulilolifundisha mpaka tukachoka: "Ule usiku wa kwanza ulikosa usingizi, wiki hiyo kulitokea nini?" Nyundo alikuwa analainisha bawaba kwa tupa, tunawaacha washike kazi wakitaka. Mkono ukasimama. Akasema ni wiki aliyozikwa kaka yake kijijini, ambaye ndiye aliyemfunza kuchomelea, naye hakwenda kwa sababu hapakuwa na nauli. Kubeti alianza kutafuta nauli hiyo.

Hakuna aliyetia mia mbili.

Jumamosi, 15 Juni. Dawa

Msumeno, miaka 22, hakushuka alama hata moja kwa wiki tano. Sista akampeleka kituo cha afya cha serikali, mimi nikiwa dereva wa maneno tu. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyofuta ile ya 1964, inataka huduma hizi zifike mpaka vituo vya msingi. Daktari alimwona vizuri, akamwandikia fluoksetini, dawa ya sonona. Dirishani wakasema imekwisha, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa vivyo hivyo. Tumenunua kwenye duka la dawa vidonge vya miezi miwili, 54,000, na huo si mpango, ni kiraka. Anayeiga aulize dawa kabla ya kumpeleka mtu, kwa sababu Msumeno aliporudi mikono mitupu mara ya pili alitaka kuacha kila kitu.

Jumamosi, 29 Juni. Kikao cha nane

Wamemaliza 13: wavulana 6, wasichana 7. Wawili wamehama, mmoja amepata kazi ya Jumamosi, mmoja hatujui. Tumepima tena kwa mdomo. Wanane wako chini ya 10. Watatu wameshuka kidogo. Wawili wako pale pale, na wote wawili ni wale ambao pembeni mwa karatasi zao tuliandika njaa. Hatuna kikundi cha kulinganisha, na mvua nayo imekatika, watu wanalala. Sitajigamba.

Nyundo amekwenda kijijini kwa kaburi la kaka. Nauli ilitoka kwenye mfuko wa baba.

Jumamosi, 13 Julai. Hesabu

Benchi 85,000. Siku ya Kanada 92,000. Hojaji zote 32,000. Sanduku 30,000, turubai 60,000. Mafunzo 240,000. Chai na mandazi kwa vikao kumi na sita, 15,000 kila kimoja, 240,000. Dawa 54,000. Nauli na muda wa simu 168,000, na hapa ndipo nilipokosea bajeti: nilikuwa nimeandika 50,000, nikasahau kwamba kufuatilia mtu ndiyo kazi yenyewe. Jumla 1,001,000. Zimebaki 99,000. Karakana Mzee hatutozi, ila tunamlipia umeme tukiukumbuka.

Benchi na soda, 177,000, ningeziweka zote kwenye nauli.

Kikundi cha pili kinaanza Jumamosi ijayo. Watatu kati ya waliotuhama kwa sababu ya daftari wamemwambia Mama Vitenge watakuja, kwa sharti kwamba mimi nisishike kalamu. Nimekubali, nitakuwa nje ya turubai nachemsha maji. Koleo ameomba kushika ufunguo wa sanduku. Sista amemwambia ufunguo hapana, ila mapokezi ya mlangoni ni yake kama anayataka, na saa nane kamili awe amefika. Amejibu atafika saa saba.